Aliyeanika Haombi Mnara

Aliyeanika haombi mnara. Ndivyo alivyosema fundi baiskeli asubuhi hii, nanyi mkacheka hadi mmoja wenu akadondosha pampu. Chekeni tu. Lakini nilimwona pia yule aliyeambiwa: amesimama juu ya benchi la watu, simu ameinyanyua kama anayeombea mvua, na maswali ya mtihani wa kesho hayafunguki. Huyo hakucheka. Sasa mnaniuliza kuanika na mnara vilikutana wapi. Vilikutana juu ya jiwe, na methali ikazaliwa hivi.

Kule Mwasubila, zamani kidogo, kabla hamjaanza kusumbua watu, mtandao ulikuwa na makazi mamoja tu: Jiwe la Igaka. Ni jiwe pana, limelala nyuma ya kijiji kama mgongo wa kiboko. Chini kwenye nyumba hupati kitu. Ukipanda jiweni, ukageukia mashariki, ukabana pumzi, ulipata vijistari viwili vya mtandao. Basi kila alasiri ungewakuta watu wazima na heshima zao wamejipanga huko juu, shingo ndefu, mkono hewani, kama pimbi wanaoota jua.

Shida ni kwamba jiwe lilikuwa na wenyewe. Tangu enzi za mabibi, wanawake wa Mwasubila walianika michembe pale. Viazi vitamu vikichimbwa, humenywa, hukatwa vipande, huachwa juani mpaka vikauke kau, kisha huwekwa ndani vingoje kiangazi. Na mtu anayetafuta mtandao hatazami anapokanyaga.

"Baba, toa kiatu chako kwenye chakula cha watu!" Kalunde alipiga kelele siku moja.

Kalunde alikuwa mjane, mwenye kijibustani cha nyanya na mchicha kando ya lambo la kijiji, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Bustani hiyo ndiyo iliyompikia, ikamvisha, ikamsomeshea binti yake Nyamizi mpaka akawa muuguzi. Aliyekanyaga michembe yake alikuwa Mzee Lutema, mwenyekiti wa kijiji.

"Tulia, mayu, mama yangu, naangalia bei ya choroko," mzee akajibu bila kuteremsha mkono.

"Jana si uliiangalia?"

"Niliiangalia. Nikaisahau nilipokuwa nateremka."

Kalunde aliinama kugeuza michembe yake, na jibu lile likamkaa kichwani. Ni kama mtu anatafuna kiazi kibichi hapo hapo jiweni, anateremka na njaa, kesho anapanda tena. Angekuwa mwanamke na viazi vyake, kijiji kizima kingemcheka. Mbona hawa wa simu hawaaniki, wakashuka na mzigo?

Alikuwa na simu ya kugusa, yenye ufa katikati, aliyoachiwa na Nyamizi. Jioni ile aliwasubiri pimbi wateremke, akakaa na simu yake, akaanza kubonyeza kila alichokuwa anakiogopa. Juu pembeni palikuwa na vinukta vitatu. Akabonyeza. Ukafunguka mshale unaotazama chini. Akabonyeza na huo, simu ikaandika kwamba ukurasa umehifadhiwa. Ukurasa alioufungua ulieleza jinsi ya kupambana na kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya. Akashuka nao mpaka jikoni, pasipo na mtandao hata wa kulamba, akaufungua. Ukafunguka wote, mstari kwa mstari, huku ugali unachemka.

Kalunde alicheka peke yake mpaka jirani akauliza kulikoni.

Tangu hapo akawa na desturi yake. Mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi, alipanda jiweni. Alizima picha zisije, maana picha ndizo zinazolamba kifurushi kama mbuzi kwenye chumvi. Alifungua ukurasa wa kilimo, ukurasa wa afya, na ukurasa wa matangazo ya halmashauri ya wilaya. Akabonyeza mshale kila mahali bila kuchagua, maana mwenye kuanika hatupi kiazi kidogo. Robo saa, kashuka. Kusoma alisoma nyumbani, taratibu, mwanga wa simu ameufifisha chaji idumu.

Kijiji kilimcheka kwa moyo mmoja. "Kalunde anaanika mtandao!" Watoto wakatunga wimbo. Aliyecheka kuliko wote ni Shigela, mtendaji wa kijiji, kijana wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kuchimba choo.

"Mama Michembe," alikuwa akimwita, "huo mtandao wako umekauka vizuri? Haujatobolewa na dumuzi?"

"Ukiwa na njaa utakuja kuomba," Kalunde alijibu, akaenda zake.

Mwezi wa kumi, jua likiwa la kupasua mawe, mnara ukazimika. Walisema mitambo yake imeishiwa mafuta. Siku ya kwanza watu walipanda jiweni, wakashuka. Ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne, Shigela akaitisha mkutano mkuu wa kijiji, mchana, pale ofisini.

"Ndugu wananchi," alianza, "halmashauri imeshatoa tangazo kwenye tovuti yake. Lambo linazungushiwa uzio. Anakuja mwekezaji wa kufuga samaki. Bustani zote za kandokando zinaondoka kabla ya mvua. Limeshaamuliwa juu, si mimi. Hapa nina karatasi ya mahudhurio tu, kila mmoja asaini, twende tukapumzike na hili jua."

Watu wakaguna. Kalunde aliiona akilini nyanya yake, iliyokuwa imeanza kuwa nyekundu upande mmoja.

"Na sisi tutalijuaje hilo tangazo?" akauliza mtu wa nyuma.

Shigela akatabasamu. "Tovuti ni ya wote. Panda jiweni ukasome."

Watu wakatazamana. Jiwe lipo, mnara umekufa. Karatasi ikaanza kupita, kalamu juu yake. Wa kwanza akasaini. Wa pili akasaini.

Kalunde alikuwa ameshaitoa simu. Jumamosi iliyopita alianika kurasa tano, na kati ya hizo alikuwa amesoma mbili tu, zote za kantangaze. Chaji asilimia tisa. Kidole kinateleza kwa jasho. Ukurasa wa kwanza, malaria. Wa pili, mbegu. Wa tatu ulikuwa na nembo ya halmashauri. Akasoma midomo ikichezacheza, na karatasi ilipofika mbele yake alikuwa amefika aya ya mwisho. Akaiweka karatasi chini, akaweka kiatu chake juu yake.

"Mama, saini, wenzako wanangoja," Shigela akasema.

"Ngoja kwanza, mtendaji. Nina michembe nataka kuwagawia."

Kicheko. Akasubiri kiishe, akasimama, akasoma kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Bustani zilizopo kandokando ya lambo zitaendelea kutumiwa na wanakijiji, isipokuwa pale mkutano mkuu wa kijiji utakaporidhia kuziondoa. Ridhaa hiyo ithibitishwe kwa saini za wananchi."

Waliosaini waliangalia vidole vyao kana kwamba vimewasaliti.

"Hakuna kilichoamuliwa juu," Kalunde akasema. "Kinaamuliwa hapa, kwa kalamu hii. Hayo si mahudhurio, jamani. Ni bustani zetu."

Shigela alikuwa mwepesi. "Huo si mtandao!" akafoka. "Mnara umezimika siku ya nne leo. Mtandao utoke wapi? Hicho ni kitu cha ndani ya simu yako."

"Michembe niliyokula jana ilichimbwa mwezi wa sita," Kalunde akajibu. "Ilikuwa ya ndani ya kapu langu. Mbona nilishiba?"

"Umeandika mwenyewe!"

"Mimi niandike Kiswahili kirefu hivi?" Hapo hata ndugu zake Shigela waliangua kicheko. "Tarehe hii hapa juu. Anwani ya ukurasa hii hapa. Mwenye kalamu aiandike mkononi. Mnara ukirudi, pandeni jiweni mlinganishe, na mkikuta nimeongeza hata nukta moja, ng'oeni nyanya zangu mimi nikiangalia. Ila mpaka siku hiyo, mimi sisaini."

"Utakwenda kujibu wilayani wewe!"

"Nitakwenda. Na chakula cha njiani ninacho."

Mzee Lutema alijongea. Aliiomba simu, akaivuta karibu, akaisogeza mbali, akaisoma mpaka mwisho, akaisoma tena. Kisha akainama, akaomba radhi, akautoa mguu wa Kalunde juu ya karatasi, na mbele ya mtendaji akaichana vipande viwili.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa mkutano huu," akasema. "Na mkutano huu haujaridhia."

Siku ya tano jioni mnara ulirudi. Kijiji kizima kilipanda jiweni, mikono imeandikwa wino kama watoto wa chekechea, na Shigela nyuma yao akitafuta angalau nukta. Walisoma kwa zamu. Neno kwa neno ukurasa ulikuwa ule ule. Shigela alishuka kwanza, na suruali yake iliyonyooka ikapita katikati ya michembe ya watu bila kukanyaga hata mmoja. Uzio haukujengwa. Mpaka leo ukipita pale lamboni utakuta nyanya.

Mzee Lutema alibaki juu. Alimsogelea Kalunde, akamnyooshea simu yake, akaangalia pembeni kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemtukana.

"Mayu, hivyo vinukta vitatu viko wapi?"

"Unataka nini, baba?"

"Bei ya choroko. Magoti yangu yamechoka na hili jiwe."

Kalunde akamwonyesha. Mzee akabonyeza, akaona mshale umeshuka, akaitia simu mfukoni na kuipigapiga kwa nje. Wakati anateremka alikutana na kundi jingine linapanda, shingo ndefu, mikono tayari iko juu. Akawapisha njia, akawaambia maneno ambayo fundi baiskeli ameyasema leo asubuhi, na ambayo huyo mwenzenu bado anayatafakari juu ya benchi.

Shuka hapo, mwanangu, benchi lina wenyewe. Aliyeanika haombi mnara.