Siku Ilipoanza Ukolombe

“Nchi haianzi ngomani, huanza matangani.”

Vijana wanne wa kamati ya sherehe ya kijiji walikuwa wamekwenda kwa Mzee Mhoja, karani mstaafu wa mahakama, awaamulie ubishi wao: kijiji kihesabiwe tangu mwaka kilipoandikishwa serikalini, au tangu ukoo wa kwanza ulipojenga? Mzee alikuwa barazani akibangua karanga pamoja na mkewe. Hakuwapa mwaka wowote. Aliwapa maneno hayo tu, kisha akaendelea na karanga zake. Walipomwuliza yametoka wapi, alipangusa mikono, akawaambia waketi, maana asili ya maneno hayo si fupi wala si ya kuchekesha. Methali hii, alisema, ilianza hivi.

Palikuwa na nchi ndogo iliyoitwa Ukolombe, ndani ya misitu ya miombo, mahali ambapo kiangazi kikikaza hata nyuki huhama. Katika nchi hiyo aliishi mtu jina lake Ntinginya, na kazi yake ilikuwa kukumbuka. Kila mwaka mavuno yalipoingia ghalani alifunga fundo moja katika kamba ndefu ya magome. Ukimshika mkono ukamwekea kidole juu ya fundo lolote, alikwambia: huu ni mwaka wa nzige, huu ni mwaka mto ulipobeba ng'ombe. Watu wakigombea mpaka au mahari, aliitwa yeye, na neno lake lilikuwa la mwisho. Hakuwa amesema uongo hata mara moja. Kwa hilo aliheshimiwa, na heshima hiyo aliipenda kuliko alivyojua mwenyewe.

Mtawala siku hizo alikuwa Mtemi Lukanda, mwana wa mtemi wa kwanza. Watu wake walikuwa wa namna tatu. Walikuwapo watu wa kilimani, waliokuja na baba yake na ngoma yake ya utemi, iliyopigwa siku alipotawazwa. Ntinginya alikuwa mmoja wao. Walikuwapo watu wa bondeni, ambao wale wa kilimani waliwakuta. Na walikuwapo watu wa chumvi, waliofika miaka mitatu baada ya ngoma kupigwa, wakikimbia vita huko machweo, bila kitu ila vifurushi vya chumvi vichwani. Hao walipewa ardhi ya mawe ambayo hakuna aliyeitaka. Wakaichimba. Wakachimba tena, mpaka siku moja chini ya jiwe wakakuta chemchemi.

Miaka thelathini ilipita. Ndipo mvua ikakataa. Mwaka wa kwanza watu walivumilia, mwaka wa pili visima vya kilimani vikatoa tope, na mwaka wa tatu ng'ombe wa Mtemi wakaanza kufa wamesimama. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwa watu wa chumvi. Hawakumnyima mtu. Lakini Mtemi kupanga foleni nyuma ya wanawake wa wageni, na mtungi wake, aliona ni aibu isiyovumilika.

Mshauri wake Igonzela akamwambia, “Mtemi, usiwanyang'anye maji, watu watakusema. Uliza tu nchi hii ilianza lini. Aliyekuwapo siku ilipoanza ni mwenye nchi. Aliyekuja baadaye ni mgeni, na mgeni huambiwa siku ya kuondoka.”

Mtemi akaliona neno hilo ni jema. Akatangaza baraza. Na kabla ya baraza akamwita Ntinginya nyumbani kwake, akamkaribisha pombe ya uwele, akamwuliza habari za mwanawe Maganga.

“Nasikia anataka kuoa,” alisema Mtemi. “Kijana akioa anahitaji shamba. Lile la karibu na chemchemi lingemfaa.”

“Lile lina wenyewe, Mtemi.”

“Ndiyo. Kwa sasa.” Mtemi akamjazia kibuyu. “Mimi sikuombi useme uongo, Ntinginya. Ngoma ya baba yangu ilipigwa, au haikupigwa?”

“Ilipigwa.”

“Basi sema hivyo tu.”

Ntinginya alirudi kwake kichwa kikiwa kizito, wala si kwa pombe. Alikuwa kijana siku ngoma ilipopigwa, na aliikumbuka vizuri. Siku ile mioto iliwashwa miwili, watu wa kilimani wakala kwao na wa bondeni wakala kwao, na kabla ya jua kuzama mtu mmoja alichomwa mkuki kwa ajili ya paja la ng'ombe. Kwa miaka mingine minne hakuna aliyechota kisima cha mwenzake wala kuoa kwa mwenzake. Kama hiyo ilikuwa nchi, basi hata fisi wawili juu ya mzoga mmoja ni nchi.

Kisha ikaja ndui. Hilo alilikumbuka zaidi. Nyumba za wagonjwa zilizibwa milango kwa miiba, ndugu akamkimbia ndugu. Mama yake alikufa asubuhi, akalala humo ndani siku mbili, na yeye Ntinginya, mwanawe wa pekee, alisimama nje ya ile miiba akilia, miguu imekataa kuingia. Aliyeingia ni mwanamke wa watu wa chumvi, Nyanzobe, mwenye uso wa makovu, kwa kuwa ndui ilikwisha kumpata huko walikotoka, nayo haimshiki mtu mara mbili. Lakini maiti haibebwi na mtu mmoja. Mumewe Kasanga akashika miguu, naye hakuwa na kovu hata moja. Walimzika mama yake Ntinginya, wakazika na wengine, wa kilimani na wa bondeni. Siku ya kumi na tatu Kasanga naye akafa.

Siku ile ndipo watu walipotoka majumbani. Hakuna aliyewaita. Walishuka kutoka kilimani na kupanda kutoka bondeni, wakaenda kuketi chini kwenye uwanja wa Nyanzobe. Wakalala matanga pale pale, wakanyolewa kwa wembe mmoja, wakala chungu kimoja. Matanga yalipoanuliwa walijikuta wanajuana majina. Mwaka uliofuata kisima kikafunguliwa kwa wote, na binti wa bondeni akaolewa kilimani. Huyo ndiye Kalunde, mke wa Ntinginya mwenyewe.

Alijua basi. Hakuna aliyejua kuliko yeye.

Siku ya baraza jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Ngoma ya utemi ilitolewa, ikawekwa mbele. Igonzela akauliza kwa sauti kubwa, “Mwenye kamba, tuambie. Nchi hii ilianza lini?”

Ntinginya alishika kamba. Akamtafuta Maganga kwa macho, akamwona amesimama na vijana wenzake, kifua mbele. Akamwona Mtemi anamtazama.

“Ilianza siku ya ngoma,” akasema.

Watu wa kilimani wakapiga vigelegele. Nyanzobe, aliyekuwa mzee tayari, akainuka kwa kujishika magoti. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyesikia vibaya na anataka arudiwe.

“Ntinginya mwanangu,” akasema, “mama yako alizikwa na nani?”

Ntinginya aliiona miiba ile, akausikia hata mnuko wa siku ile. Alifungua kinywa, na kilichotoka hakukitambua kuwa ni chake.

“Baraza limeuliza habari za nchi,” akajibu. “Halikuuliza habari za mama yangu.”

Nyanzobe akatikisa kichwa taratibu, akaketi.

Kabla ya mwezi kwisha watu wa chumvi waliondoka na mitungi yao na watoto wao, wakaelekea kusini mwendo wa siku tatu, mahali pengine pa mawe. Kalunde alisimama mlangoni akiwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akamgeukia mumewe, akamwambia, “Mimi ni wa bondeni. Utakapoulizwa tena, utanihesabu wapi?” Tangu siku hiyo alimpikia na kumtengea chakula, lakini mazungumzo yalikwisha.

Maganga akapewa shamba la chemchemi. Na swali lile, likishafunguliwa, halikukubali kufungwa. Watu wa bondeni wakasema: kama aliyetangulia ndiye mwenye nchi, basi sisi tulikuwapo kabla ya ngoma, na hayo maji ni yetu. Watu wa kilimani wakasema: bila ngoma mlikuwa watu wa porini. Visima vikatengwa upya. Wake walioolewa huku na huku wakarudishwa kwao, wengine na watoto mgongoni. Asubuhi moja, kwenye chemchemi, maneno yakawa marungu na marungu yakawa mikuki. Walipotawanyika, Maganga alikuwa amelala na uso ndani ya maji aliyopewa.

Ntinginya alimbeba mwanawe mwenyewe mpaka nyumbani. Watu wa bondeni hawakuja kuzika, ijapokuwa marehemu alikuwa mjukuu wao, kwa kuwa waliogopa kuuawa. Watu wa kilimani walikuja na mikuki mkononi, wakatupa udongo kwa haraka, na kabla ya jua kupinduka walikuwa wameondoka. Walihofia bonde litashambulia nyumba zao. Mtemi hakuja. Alituma ngoma. Wapigaji wawili waliipiga kidogo kwa heshima ya marehemu, wakaifunika ngozi, wakarudi nayo.

Ukabaki uwanja mtupu, na mtu na mkewe wameketi chini, kila mmoja upande wake. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Hapakuwa na mtu wa kuwachotea maji ya kunawa. Hapakuwa na mtu wa kumshika Kalunde alipojipiga chini.

Siku ya saba, mchana, Ntinginya aliona vumbi njia ya kusini. Walikuwa wanawake wanane na wanaume watatu, wana mikeka mabegani na kuni vichwani, na nyuma yao Nyanzobe anakokotwa kwa mkono. Kilio kilikuwa kimewafikia huko waliko. Hawakubisha wala hawakungoja kukaribishwa. Wanawake walimwendea Kalunde wakamzunguka. Wanaume wakawasha moto. Nyanzobe akatandika mkeka wake, akaketi karibu na Ntinginya, akishusha pumzi kwa shida.

Ntinginya hakuweza kuinua uso. “Mama,” akasema, “umesahau nilivyokutenda?”

“Sikusahau.”

“Sasa umefuata nini kwangu?”

“Nimekuja matangani, Ntinginya,” akajibu. “Sikuja barazani.”

Ntinginya akaanguka kifudifudi juu ya mkeka wa yule mama, akalia kama hakulia alipomzika mwanawe.

Watu wa chumvi walikaa siku zote za matanga. Siku ya kunyoa ilipopita walikunja mikeka yao. Ntinginya akawaomba wabaki; Nyanzobe akamwambia, “Tungebaki wapi, baba?” Ntinginya akambebea mkeka wake. Akawasindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Aliporudi hakuingia ndani, bali alikwenda moja kwa moja kwa Mtemi, akamkuta na wazee wake.

“Mtemi,” akasema, “nilidanganya. Niliulizwa nchi ilianza lini, nikataja siku ya ngoma. Ngoma ilipigwa, ndiyo, na tulioisikia tulichomana mikuki siku ile ile. Nchi haianzi ngomani. Huanza matangani. Hii yetu ilianza uwanjani kwa Nyanzobe, na sisi tumemfukuza.”

Mtemi akamtazama. Inasemekana hata machozi yalimlenga, kwa maana Kasanga alimzika dada yake pia. Lakini wazee walikuwa wanamwangalia.

“Umechelewa,” akasema. “Mwondoeni. Msiba umemharibu akili.”

Wakamnyang'anya kamba. Na wapigaji wa ngoma, kwa kumkejeli, wakawa kila wanapomwona njiani huimba, “Nchi haianzi ngomani, huanza matangani!” Watoto wakaudaka wimbo. Kwa hiyo maneno yale yalienea Ukolombe yote kwa kicheko.

Kicheko hakikudumu. Mvua ilikataa mwaka wa nne, na watu ambao hawazikani hawawezi pia kulishana. Ukoo mmoja uliondoka, ukafuata mwingine. Kalunde alikufa mwaka huo, mumewe akamzika peke yake. Mtemi Lukanda alipokufa, ngoma yake ilipigwa siku nne mfululizo. Waliokuja ni wapigaji, na nao waliondoka walipochoka. Ntinginya alikwenda kuketi pale chini. Aliketi peke yake, akawatazama wale wapigaji wakiondoka, na hakuna aliyeimba.

Waliotawanyika waliyachukua maneno yale kila walikokwenda. Huko ugenini, mtu wa Ukolombe akifiwa, akaona majirani wasiojua hata lugha yake wanaingia na mikeka, alikumbuka wimbo aliokuwa akiucheka, na safari hii hakucheka.

Mzee Mhoja akarudi kwenye karanga zake. Mkewe alikwisha acha karanga zamani. Vijana walitazamana, na yule aliyeshika daftari akalifunga bila kuandika mwaka. Alipoaga, alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe:

“Nchi haianzi ngomani, huanza matangani.”