Fainali ya Mserereko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Siwasikii. Mmekula au hamjala? Paukwa!"
"Pakawaaa!"
"Pakawa na nini?"
"Pakawa na mwamba!"
"Na mwamba una nini?"
"Una utelezi!"
"Haya, shikaneni, maana leo tunashuka kwa kasi. Na wewe pale unayesinzia, ukibaki juu usiniite."

Hapo zamani, katikati ya mbuga, palikuwa na mwamba mkubwa mweusi. Upande mmoja ulikuwa na njia ya kupandia. Upande wa pili ulikwenda chini moja kwa moja, laini, na mvua ikinyesha uling'aa kama sufuria iliyosuguliwa siku ya wageni. Chini yake palikuwa na mchanga mwingi. Na ndani ya nyufa za mwamba huo aliishi Pimbi, yeye na mama yake, na watoto wake, na shangazi zake wasiohesabika.

Pimbi ni mnyama mdogo. Mnene kidogo, hana mkia, hana pembe, hana mbio. Alichonacho ni mwamba. Pimbi akiwa mwambani ni mwenye nyumba. Pimbi akiwa uwandani ni kitoweo cha Tai. Mmelisikia hilo? Vizuri, sitarudia.

Siku moja baada ya mvua, Pimbi alikuwa amekaa juu kabisa anaota jua. Mara Tai huyo! Faaa! Pimbi kuruka, mguu kuteleza, mwamba ukamchukua. Sereree! Sereree! Masikio nyuma, macho yamemtoka, tumbo limebaki juu, mwenyewe anakwenda chini. Puu! Mchangani. Akatulia. Akajipapasa: mguu upo, pua ipo, moyo unampiga ndu, ndu, ndu. Akatazama juu alikotoka, na badala ya kulia akacheka. Alicheka mpaka akakaa kitako. Halafu akafanya jambo ambalo mama yake hadi leo hajalielewa. Alipanda tena.

Ndivyo ulivyoanza mserereko. Kesho yake alikuja Kobe, akalala chali, akashuka miguu minne juu huku anazunguka: zungu-zungu-zungu, puu! Kesho kutwa akaja Kanga, yule ndege mwenye madoadoa. Ana mabawa yake mazuri kabisa, lakini aliyakunja akashuka kwa makalio kama wenzake, anapiga kelele njia nzima: "Kachele! Kachele! Nakufa mie!" Alipogusa mchanga alikuwa wa kwanza kukimbilia juu.

Na mchezo ukapata desturi yake. Aliye juu, kabla hajajiachia, alisema kwa sauti, "Naogopa!" Walio chini wakamjibu, "Njoo hivyohivyo!" Basi akaja. Asiyesema hakushuka. Hakuna aliyeuliza nani wa kwanza na nani wa pili. Nani angeona, na kila mtu amefumba macho? Aliyeshangiliwa kuliko wote alikuwa Kobe, kwa sababu kupanda kwake tu kulianza asubuhi kukaisha adhuhuri. Akifika juu akasema "Naogopa," wenzake walipiga vigelegele mpaka sauti ikawakauka.

Sasa habari zikamfikia Bwana Ngiri. Mnamjua Ngiri? Kifua kipana, meno yamejikunja nje ya mdomo, na shingo isiyopenda kusikia la mtu. Anapokula hupiga magoti, si kwa adabu, ila mdomo uwe karibu na chakula. Chako ni chake, na chake ni chake. Alikuja asubuhi, akasimama katikati ya mchanga, akauliza:

"Mchezo huu bingwa wake nani?"

"Bingwa wa nini?" akauliza Pimbi.

"Bingwa! Wa kwanza! Anayewashinda wengine!"

"Hatushindani, Bwana Ngiri. Tunaogopa pamoja, tunashuka, tunacheka, tunapanda tena."

"Mchezo gani huo usio na mshindi? Nani mbuga nzima ataujua? Mchezo mpya unataka bingwa! Unataka mstari! Unataka jina la kutangazwa!" Akakwaruza mstari mchangani kwa jino lake, krrr. "Tunaanza leo. Pandeni. Nahesabu mpaka tatu."

Wakapanda. Ngiri akahesabu moja, akahesabu mbili, akashuka. Hakusema anaogopa. Tena alipokuwa anajiachia alimpiga Kobe kikumbo. Sereree! Puu! Akavuka mstari, akapaza sauti:

"Wa kwanza, Ngiri! Wa pili, Kanga! Wa tatu, Pimbi! Wa mwisho, Kobe! Mmesikia? Wa mwisho!"

Masikini Kobe. Hakuwahi kuwa wa mwisho maishani mwake. Yaani alikuwa, kila siku, lakini hakuna aliyemwambia. Akaingiza kichwa ndani ya gamba akalia humohumo.

Basi mambo yakaharibika, jamani, yakaharibika! Ngiri alishinda Jumatatu. Ngiri alishinda Jumanne. Kanga akaanza kufungua mabawa kidogo kidogo akidhani haonekani. Aliye juu hakusema tena "Naogopa," maana ukisema wenzako wanakuwahi. Walio chini hawakumjibu mtu, maana kila mmoja alikuwa kwenye dimbwi lake analowesha makalio ateleze zaidi. Kicheko kikahama mwambani. Waliobaki walikuwa wanabishana nani alikanyaga mstari.

Na Pimbi naye msimdhanie malaika. Jumatano Kobe alipotoka njiani akagonga jiwe, ko! Pimbi alimpita palepale, na moyo wake ukasema: afadhali, mmoja amepungua. Alipofika chini aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akarudi juu mbio kumwinua.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Kwani umenifanya nini?" akauliza Kobe.

"Wewe nisamehe tu."

Jioni hiyo Ngiri akapanda juu ya jiwe akatangaza. "Kesho asubuhi ni fainali! Mshindi anachukua zawadi!"

"Zawadi gani?" akauliza Kanga.

"Mwamba. Mwamba wote, na nyufa zake, na kivuli chake. Na walioshindwa wahame. Haiwezekani bingwa akae nyumba moja na walioshindwa."

Pimbi akawafikiria wa nyumbani kwake. Mama yake uwandani! Watoto wake uwandani! Akainua macho, akamwona Tai anazunguka juu polepole, hana haraka. Pimbi aliogopa, na safari hii haikuwa ile hofu tamu ya mserereko. Alitaka kulia. Lakini akajikaza, akafuta pua, akamfuata Ngiri alikokuwa amepiga magoti anakula majani ya akina Pimbi.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukuonea huruma."

"Mimi?"

"Wewe. Bingwa mzima kama wewe, fainali yako iwe kushuka mwamba tu? Kobe anashuka. Hata jiwe linashuka, tena halijafundishwa na mtu. Kesho watasema Ngiri kawashinda Kobe na jiwe."

Ngiri akaacha kutafuna. "Watasema hivyo?"

"Mimi mdogo, sijui. Ila naona bingwa wa kweli kushuka kwake ni mwanzo tu. Akigusa mchanga hasimami, anaendelea mbele. Mshindi awe yule atakayefika mbali zaidi na mwamba huu."

"Mbali zaidi," akasema Ngiri. Neno likamkolea mdomoni. "Nani atafika mbali kuliko mimi?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakuomba, Bwana, tusiweke masharti makali. Mtu akichoka, asimame. Akitaka kutazama nyuma, ageuke. Sisi wenzako wadogo."

"Eti nini? Wapi! Anayesimama ameshindwa! Anayegeuka nyuma ameshindwa!"

"Hata kuchungulia?"

"Hata kuchungulia!"

"Bwana Ngiri, unatumaliza! Hilo la kugeuka liondoe, nakusihi, nakushika miguu!"

"Siliondoi! Sheria ni sheria, na nimeiweka mimi!"

Pimbi akaondoka kichwa chini, mabega chini, anaburuta miguu. Alipozunguka jiwe, asipoonekana, akarukaruka mara saba na kujiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kukakucha. Mbuga nzima imejaa! Wamepanda vichuguu, wamepanda miti, wengine wamepandana wao kwa wao. Ngiri yuko juu ya mwamba, kifua mbele. Kobe yuko pale, ambaye alianza kupanda tangu jana yake. Kanga yupo. Pimbi yupo, anautazama mwamba wake, maana nyumba yake yote iko rehani.

"Sheria zinajulikana!" akanguruma Ngiri. "Usisimame, usigeuke, nenda mbali! Moja, mbili..."

Huyo! Sereree! Sereree! Puu! Akainuka, akavuka mchanga, akakata mbuga: tukutu-tukutu-tukutu-tukutu! Vumbi likapanda. Watu wakashangilia, na mimi ningekuwepo ningeshangilia, maana sifa yake mpeni, kukimbia anajua.

Kobe akashuka, zungu-zungu-zungu, puu, akabaki mchangani anatazama mawingu. Kanga akashuka. Pimbi akashuka, akakaa kitako, akamgeukia Kanga.

"Mwenzangu, leo mabawa yako yana kazi ya halali. Ruka."

Kanga akaruka. Akamfikia Ngiri, akajibanza kwenye kichaka nyuma yake, akapiga kelele:

"Kachele! Kachele! Kaza, Bwana Ngiri, kaza! Kobe huyo nyuma yako!"

"Kobe?"

"Kobe! Pua yake iko kwenye mkia wako!"

Mkia wa Ngiri ukasimama, twi! Alitaka kugeuka. Lo, alivyotaka! Shingo ilimwasha yote. Lakini sheria ni sheria, na ameiweka yeye. Akakaza macho mbele, akaongeza mwendo. Tukutu-tukutu-tukutu! Nyuma yake majani makavu yanafanya chaka-chaka, ni kwato zake mwenyewe zinayarusha, naye anasema moyoni: ndiye huyo, ndiye huyo, Kobe huyo!

Akampita Twiga.

"Bwana Ngiri, wapi mbio hizo?"

"Nashinda!"

"Unamshinda nani?"

"Huyu hapa nyuma yangu!"

Twiga akainua shingo, akatazama kote. "Nyuma yako hakuna mtu, baba."

"Uongo! Umetumwa! Unataka nigeuke!" Tukutu-tukutu-tukutu!

Akampita Mbuni.

"Bwana Ngiri, wapi mbio hizo?"

"Nashinda!"

"Unamshinda nani?"

"Huyu hapa nyuma yangu!"

"Mbona simwoni?"

"Ndivyo alivyo mjanja!" Tukutu-tukutu-tukutu! Akavuka mto, akavuka vilima, akaingia nchi ambayo mimi sijafika na nyinyi hamtafika.

Huku mwambani, Kobe alikuwa ameanza kupanda tena, yuko robo ya njia.

"Pimbi," akaita, "hivi mimi nashindana na Ngiri?"

"Unashindana."

"Naendeleaje?"

"Unamfukuza vibaya sana. Jamaa roho mkononi."

"Mimi?" Kobe alicheka, akacheka, akajikwaa, akaporomoka mpaka mchangani, na mwamba mzima ukacheka naye. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. Shangazi zake Pimbi wakatoka nyufani kuja kuona kuna nini, wakaishia kuserereka na wao, mmoja baada ya mwingine, khanga zinapepea. Sasa nyinyi mnaguna. Mnasema pimbi hawavai khanga. Hadithi ni yangu au yenu?

Ila Kanga aliporudi alikuwa na wasiwasi. Akamvuta Pimbi pembeni.

"Lakini jamani, tusidanganyane. Si ameshinda? Nimemwona mwenyewe, yuko mbali kuliko sisi sote. Kwa haki mwamba huu si ni wake?"

"Ni wake kabisa," akasema Pimbi.

"Na akija kuuchukua?"

"Akija, Kanga, atakuwa amegeuka."

Kanga akapanda juu mbio, akakunja mabawa, akajiachia.

Sasa funzo. Naona mnajiweka sawa, mnadhani bibi yenu atawaambia mashindano ni mabaya. Sithubutu! Mashindano ni mema sana. Mtazameni Ngiri: hajashindwa hata mara moja mpaka leo hii, ni bingwa wa mbuga na wa nchi zote za mbele. Na Pimbi ana nini? Hana kombe, hana cheo. Ana nyumba yake, watoto wake, na rafiki zake wanaocheka. Aibu iliyoje! Kwa hiyo shindaneni, wajukuu zangu. Shindaneni kutembea, shindaneni kulala, shindaneni kupiga mswaki. Na mkipata mwenzenu anayependa kuwashinda kuliko anavyowapenda nyinyi, msigombane naye. Mfungulieni mlango wa mbele, mwambieni mko nyuma yake.

Hadithi yangu imegusa mchanga. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa imechacha nirudishieni mwenyewe. Na sufuria zile pale hazijaoshwa, na sahani zote za chakula cha jioni. Nataka nijue bingwa wa nyumba hii ni nani.

Moja... mbili...