Ngiri na Nguzo za Hema la Arusi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa gani hiyo, ya watu wasiokula? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, Mzee Nyati alikuwa anamwoza binti yake. Wageni wengi, mawingu yametanda. Akashona hema kubwa, kubwa kweli, hata tembo angepotea ndani. Hema lipo. Nguzo hakuna.

"Nani atatuletea nguzo?" akauliza Mzee Nyati.

"Mimi!" akadakia Ngiri.

Mnajua kwa nini alikimbilia? Huko kwao, mleta nguzo hunawishwa mikono mbele ya wageni wote, na sinia la kwanza ni lake. Ngiri hajawahi kunawishwa na mtu. Alikuwa akiitamani heshima hiyo mpaka usingizi hauji.

Akapanda kilimani. Mti huu umepinda. Huu mfupi. Huu umeliwa na mchwa. Jua kali, jasho tiriri, tiriri. Akashuka kanuna. Njiani akapita shamba la Bi Nungunungu, bibi mjane, mkulima wa ndizi. Akasimama. Lo! Nguzo hizo! Ndefu, nyoofu, juu zina panda, zimegawanyika kama vidole viwili.

Kila nguzo ilikuwa imeshikilia mgomba wenye mkungu. Ngiri aliona. Msiniambie hakuona! Akajisemea tu, "Migomba itajisimamia yenyewe." Akang'oa moja, ng'o! Akang'oa nyingine, ng'o! Akang'oa zote. Utomvu wa migomba iliyochubuka ukamchuruzikia mikononi. Akajitwika, huyoo, mbio. Nyuma yake akasikia: kacha! Pu! Kacha! Pu! Hakugeuka.

Hema likasimama. Wanyama wakaimba:

"Ngiri wetu, nguzo wima!
Ngiri wetu, nguzo wima!"

Siku ya arusi ikafika. Pundamilia akaleta birika na beseni, akamimina maji. Ngiri akasugua mikono. Madoa meusi ya utomvu hayakutoka. Akasugua tena. Hayakutoka.

"Bwana mkubwa, unanawa au unaoga?" wakamtania. Ngiri akacheka nao, akaificha mikono chini ya tumbo.

"Sasa ndizi," akasema Mzee Nyati. "Bi Nungunungu ametuahidi ndizi za arusi nzima. Yuko wapi?"

Bi Nungunungu akaingia polepole, na kikapu kimoja tu. Ndani mna ndizi changa, nyembamba, zimepondeka.

"Nisameheni, wanangu," akasema. "Mwizi kaning'olea nguzo. Migomba yote imelala chini. Nimeokota hizi."

Mchana macho yake hayaoni vizuri. Akapapasa, akamgusa Ngiri begani. "Ni wewe uliyeleta nguzo za hema? Hongera, mwanangu. Arusi ikiisha, nitafutie na mimi. Sina tena nguvu za kupanda kile kilima."

Na vijana, wasiojua lolote, wakaimba:

"Ngiri wetu, nguzo wima!"

Jamani, aibu! Ngiri masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi wa watu anampongeza kwa mali yake mwenyewe! Na hakuna aliyejua. Angenyamaza, angekula sinia lake. Lakini wapi! Akapiga magoti mbele ya kikapu kile.

"Bibi," akasema. "Nguzo hizi ni zako. Mwizi ni mimi."

Wimbo ukakatika. Mvua ikaanza juu ya hema, ta, ta, ta. Bi Nungunungu akaipapasa nguzo ya karibu mpaka kwenye kifundo chake.

"Hii aliikata marehemu mume wangu," akasema.

"Nguzo zibaki mpaka wageni waondoke," akasema Mzee Nyati. "Wewe Ngiri, nenda kilimani ukamkatie Bibi nyingine."

Ngiri akatoka na mvua, na njaa yake. Akakata nguzo mpya. Akapanda machipukizi ya migomba, akayapalilia mpaka yakazaa. Siku hiyo Bi Nungunungu akampikia ndizi, akamnawisha mikono yeye mwenyewe. Ngiri alishindwa kumtazama usoni. Akala kapiga magoti, macho chini.

Mtazameni ngiri hata leo anapokula. Amepiga magoti.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukikuta mti umesimama, uliza kwanza umeshikilia nini, na ni wa nani. Sifa ya mali ya wizi haina utamu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, ila aniombe kwanza.