Nufaili na Haki ya Mguu

Habari hii imetufikia kutoka kwa watu wakweli, nao waliipokea kwa watu wakweli zaidi, na kama ina chumvi basi chumvi ni ya mkono huu, msiwalaumu wao. Wamesema kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa milimani, aliishi mja mwema aitwaye Nufaili, Mwenyezi Mungu amrehemu, fundi wa chekeche za unga. Mji huo ulikuwa na baridi, na si baridi hii yenu ya kuvaa sweta mkajiona mashujaa. Kule mtu akikohoa asubuhi kikohozi kinaganda hewani, akirudi adhuhuri anakikuta palepale.

Nufaili alikuwa na mke, Bi Umaima, na Bi Umaima alikuwa na maradhi ya kifua. Miaka miwili kifua kile kilimla mke nyama na kumla mume mfuko. Ilinunuliwa asali, yakanunuliwa mafuta ya habasoda, wakaja matabibu saba, kila mmoja ndevu zake ndefu kuliko orodha ya waliopona kwake. Basi kodi ya mji, ile ya ukuta na mfereji ambayo kila nyumba hulipa Baitulmali, hazina ya mji, ikamlalia miaka yote miwili.

Sasa ijueni desturi yao. Aliyechelewesha kodi alitumiwa mdai, na mdai yule hakupewa mshahara hata punje. Alikula kwa miguu yake. Akifika mlangoni mwa mdaiwa akapiga hodi, mdaiwa humlipa dirhamu moja juu ya kodi, nayo ikiitwa haki ya mguu. Na kanuni ilikuwa hii: hodi ikitangulia malipo, mguu una haki yake; malipo yakitangulia hodi, mguu umetembea bure. Mdai wa mtaa ule aliitwa Jundubi, mtu ambaye akikutazama tu unaanza kukumbuka madeni ya babu yako.

Alhamisi moja Nufaili alikuwa akiswali dhuha, Jundubi akaja akapiga hodi. Ilimkuta Nufaili kwenye sujudi. Akaitambua sauti, akabaki chini. Ikaja hodi ya pili, ikaja ya tatu. Sujudi ile, jamani, kuku angeatamia mayai akatotoa na vifaranga wakaota manyoya, mtu bado yuko chini. Tasbihi zake zilikuwa zimekwisha zamani. Midomo ilikuwa imefumba, masikio ndiyo yaliyobaki na kazi, yakizifuata nyayo za Jundubi mpaka zikapotea mwisho wa kichochoro. Ndipo akainuka.

Aliinuka na aibu, na aibu ikampa mbio. Akakusanya singa zote za farasi za kusukia chekeche, alizoweka kwa kazi ya mwaka mzima, akaongeza sinia ya shaba aliyomwoa nayo mkewe, akauza vyote, akaenda moja kwa moja Baitulmali. Hakutaka pesa zipite kwa Jundubi, maana watu walisema kumkabidhi Jundubi kodi ni kumwekesha paka samaki. Karani akaipokea kodi yote, ya miaka yote miwili, akampa kigae cha udongo chenye muhuri. Nufaili akarudi kwa mkewe akamwambia hawadaiwi tena na mtu.

Jumamosi, alipotoka msikitini, alikuta nyumba yake haina mlango.

Jundubi alikuwa amekuja na punda, akaung'oa, akaupakia, akaenda nao kwake kuwa rehani. Nufaili alimfuata akamkuta uani kwake, na ule mlango umeegemezwa ukutani. Akamwonyesha kigae. Jundubi akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua embe.

"Hiki ni cha kodi, shehe wangu," akasema. "Miguu yangu mbona haina muhuri?"

Akamhesabia vidoleni. Hodi ya Alhamisi, dirhamu moja. Hodi ya Jumamosi, moja. Punda, tatu. Kung'oa mlango, tatu, na hapo alikuwa amemhurumia kwa ajili ya uchamungu wake. Jumla nane. Nufaili akamwambia kodi ililipwa Alhamisi ileile, basi ya Jumamosi yote ni batili. Jundubi akamjibu kwamba yeye safari aliianza Alhamisi na haijaisha mpaka leo, na shehe akiwa na ubishi, kadhi hukaa barazani Jumatatu.

Mpaka Jumatatu ni siku mbili. Nufaili alitundika mkeka mlangoni, upepo ukaupiga kofi ukapita. Alimfunika mkewe kila kitambaa kilichokuwemo ndani, na vya chekeche pia, na bado meno ya Bi Umaima yaligongana hata jirani akauliza wanatwanga nini. Asubuhi ya Jumatatu alikohoa, akatazama shuka, akaikunja upesi ili mumewe asione. Mumewe alikuwa ameona.

Barazani walijaa watu, kwa sababu Nufaili alipendwa. Ndiye waliyekuwa wakimsukuma mbele imamu akiugua, na sujudi zake zilisifiwa mji mzima. Kadhi alisikiliza pande zote mbili, akamuuliza Jundubi kama ana shahidi wa hodi ya Alhamisi. Hakuwa naye, kwani siku ile baridi ilikuwa imewafungia watu majumbani.

"Basi ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya anayekana," akasema kadhi. "Baba Nufaili, apa kwamba hukusikia hodi kabla hujalipa, uchukue mlango wako sasa hivi. Lakini hodi ya Alhamisi ikithibiti, itabidi nitazame kama safari ni moja. Huenda nane zote zikasimama."

Nyuma yake mtu akanong'ona, apa mzee wetu, uende zako. Na Nufaili alitaka kuapa. Akilini alimwona Bi Umaima kule nyumbani chini ya vitambaa vile. Akatafuta neno la kupenyea: aseme hakuitika hodi, na kweli hakuitika, aseme alikuwa katika swala, na kweli alikuwemo. Kila neno alilolishika lilikuwa kweli kwa nje na bovu kwa ndani. Dirhamu nane hakuwa nazo, wala nusu ya moja. Kadhi akamuuliza kama ameisikia amri.

"Alikuja," akasema Nufaili. "Nilimsikia hodi zote tatu. Nilikuwa nimesujudu, nikairefusha ili asinikute. Mungu hakuwa na fungu lake pale, kadhi wangu. Nilimsujudia Jundubi."

Hata Jundubi hakucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka mazikoni.

Kadhi akahukumu. Mdai hutumwa na deni, na deni likifa mjumbe wake hana safari. Hodi ya Alhamisi ilitangulia malipo, basi dirhamu moja ni haki ya Jundubi. Saba zilizobaki ni dhulma. Mlango urudi kwa mwenyewe, dirhamu ikishalipwa.

Ingekuwa jana, mikono mia ingeingia mifukoni kumtolea Nufaili dirhamu ile. Siku ile kila mtu alikuwa akitazama viatu vyake. Nufaili akavua joho lake, akaliuza sokoni kwa dirhamu mbili kasorobo, akalipa. Jundubi akamwonyesha mlango ulipo, akasema kadhi kaamuru arudishe, hakuamuru abebe. Mzee akaubeba mgongoni, akapanda nao mlima bila joho.

Alipofika alimweleza mkewe yote, na la kusujudu akalisema mwisho, macho yake yakiwa chini. Bi Umaima alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nilijua," akasema. "Miaka arobaini nazisikia swala zako, bwana wangu. Ile haikuwa yako. Nilikuwa nikiogopa utaapa."

Akaomba afungiwe mlango. Akaishi siku sita, akafariki Jumapili, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wapo waliosema kiapo kimoja siku ile kingemwokoa, na huenda walisema kweli. Nufaili hakubishana nao. Wala hakuna aliyemsukuma tena mbele msikitini. Aliswali safu ya nyuma, karibu na viatu, mpaka mauti yake.

Basi ndugu zangu, tusidanganyane kwamba mkweli huondoka na mlango wake, na mke wake, na jina lake. Nufaili aliondoka na mlango tu, na huo alibebeshwa. Lakini mwanamke yule alikufa akimjua mumewe ni nani, na wengi wetu tutazikwa na watu wasiotujua. Tumuombe Mola: siku tutakapowekewa kiapo chepesi mbele yetu, atupe ulimi mzito.