Aliyeosha Mkaa

Kaeni, wapendwa, kaeni. Nimewaona, macho yenu yako kwa yule jogoo aliyefungwa pale mlangoni, na wapo walioshaanza kumpangia bei kichwani. Mnada wa mavuno upo, hakuna atakayeuiba. Leo ni siku ya shukrani, na kabla hatujashukuru nataka niwape mfano. Majina nimeyaacha nyumbani, msije mkaanza kuulizana ni mtoto wa nani.

Kulikuwa na binti mmoja wa darasa la saba. Binti hodari, jamani! Akinyoosha mkono darasani, wenzake wanashusha ya kwao. Na mwalimu wao wa sayansi alikuwa na mtindo wake. Hakutaka watoto wakariri ubaoni kama kasuku. Aliwagawa wawili wawili, akawa anawaazima kishikwambi chake kwa zamu, akawaambia, "Safari hii somo mtalifundisha nyinyi. Tengenezeni video ya kuonyesha jinsi ya kuchuja maji machafu. Itakayokuwa nzuri kuliko zote tutaionyesha siku ya wazazi, na darasa la sita watajifunzia hiyohiyo."

Weee! Binti moyo ukamruka. Aliitaka siku ile iwe yake. Lakini mwenzake aliyepangiwa ni nani? Rafiki yake wa tangu chekechea, mtoto wa kuchekacheka. Ukimwambia simama hapa, anasimama pale. Ukimwambia shika chupa, chupa iko chini.

Wakaegemeza kishikwambi kwenye tofali, kikaanza kurekodi. Wakachukua chupa ya plastiki, wakaikata kitako, wakaigeuza kichwa chini, wakafunga kitambaa mdomoni. Wakatia mkaa uliopondwa, juu yake mchanga, juu yake kokoto. Wakamimina maji ya mtoni. Mnajua kilichotoka? Maji meusi tii! Yalikuwa machafu yakiingia, yakawa machafu zaidi yakitoka. Wakarudia, mambo yakawa yaleyale. Binti akanuna, machozi yako karibu.

Ndipo yule wa kuchekacheka akasema, "Si tuuoshe kwanza huo mkaa? Hata mchele tunauosha."

Akachuchumaa, akauosha mkaa, akamwaga maji, akauosha tena, mpaka mikono ikawa myeusi na pua nayo ikawa nyeusi, akapiga chafya moja kubwa mbele ya kamera. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakaupanga mkaa upya ndani ya chupa, wakamimina. Maji yakatoka meupe.

Kesho yake binti akakaa peke yake kuunganisha video. Akatazama vipande. Maji meusi? Aibu hiyo, futa. Chupa inaanguka? Futa. Rafiki ana masizi puani, anapiga chafya? Ah, huyu ataniharibia kazi, futa! Alipomaliza, video ilikuwa safi kama shuka la mgeni. Alionekana yeye, mkaa ambao tayari umeoshwa, na maji meupe.

Siku ya wazazi ikafika, darasa likafurika. Mama wa yule rafiki alikuja na kitenge chake cha sikukuu, ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anaonekana kwenye video. Akakaa mbele kabisa. Video ikaonyeshwa ukutani, makofi yakapigwa, binti akavimba kichwa. Kisha mwalimu akawaita watoto wa darasa la sita, wakafuata kila hatua kama walivyoiona. Wakamimina maji mbele ya wazazi wao.

Yakatoka meusi tii.

Watu wakacheka. Wale watoto wakainamisha vichwa, mmoja akaanza kufuta machozi kwa mkono wa shati. "Mmekosea wapi?" mwalimu akauliza. Hawakujua. Mle ndani waliojua ni wawili tu.

Sasa niambieni nyinyi. Binti angekaa kimya, nani angemshtaki? Makofi yake ameshayapata, na aibu imeshawaangukia wengine. Wangapi kati yetu tungesimama?

Hapo yule mama akamwinamia mwanawe akamnong'oneza. Lakini mnawajua akina mama zetu wakinong'ona, hata bati linasikia. "Mbona sijakuona, mwanangu? Si ulisema umo?"

Mtoto akamtazama rafiki yake. Kisha akasema polepole, "Mimi ndiye niliyeshika kishikwambi, mama. Anayepiga video haonekani."

Wapendwa, ule ulikuwa uongo. Kishikwambi kiliegemezwa kwenye tofali. Humu kanisani hatusifu uongo, nami siusifu. Lakini mmemwona aliyekatwa anavyomsitiri aliyemkata?

Binti akasimama. "Si kweli," akasema. "Alikuwemo. Mimi ndiye niliyemtoa. Darasa la sita hawajakosea, mwalimu. Mkaa unaoshwa kwanza, na aliyeuosha ni huyu."

Mwalimu hakugomba. Akachukua kishikwambi, akafungua mahali ambapo vilivyofutwa hukaa kwa muda kabla havijapotea kabisa. Vilikuwemo vyote! Akavirusha ukutani. Maji meusi hayo. Chupa hiyo inaanguka. Na yule mtoto huyo, amechuchumaa, pua nyeusi, "Hata mchele tunauosha," halafu chafya! Darasa zima likaangua kicheko, na mama wa watu akapiga vigelegele mpaka kitenge kikamlegea. Darasa la sita wakauosha mkaa, wakamimina tena, maji yakatoka meupe, na makofi ya safari hii yalikuwa ya wote.

Binti akamshika rafiki yake mkono, analia huku anacheka. "Asante," akamwambia. "Hata siku ile sikukushukuru."

"Chupa ulishika wewe," mwenzake akamjibu. "Ningeshika mimi, tungekuwa bado tunaokota kokoto."

Mnacheka? Chekeni, chekeni tu. Sasa nageukia upande wetu.

Tumekuja na mahindi, tumekuja na viazi na maharage, Mungu ametubariki kweli mwaka huu, na mimi moyo wangu umejaa. Na kila mavuno tunasimama hapa mbele kushuhudia. "Namshukuru Mungu, nimejenga." "Namshukuru Mungu, mwanangu amefaulu." Safi kabisa, maji meupe! Na yule shemeji aliyekulaza sebuleni kwake ulipokosa kazi, mbona simwoni kwenye ushuhuda? Yule jirani aliyemnyonyesha mwanao ulipolazwa hospitali, yuko kipande gani? Tumewafuta. Tunajua wakionekana wao, na maji yetu meusi yataonekana. Halafu tunashangaa vijana wetu wakifuata mfano wetu hatua kwa hatua, na kwao yanatoka meusi. Tuliwaonyesha lini mkaa ukioshwa?

Na Mungu mwenyewe? Tunamtaja mwanzoni kama salamu, kisha video yote iliyobaki ni sisi. Ametuosha miaka yote hii, tunamkata, naye bado anatusitiri. Asante, Bwana! Nani angekuwa hapa leo kama angetuumbua? Lakini tusijidanganye kwamba vile vipande vimepotea. Anavyo vyote.

Basi jogoo asubiri kidogo. Aliyekuoshea mkaa kama yumo humu ndani, inuka umfuate alipokaa, umshike mkono. Kama yuko mbali, toka nje umpigie simu, leo nimekuruhusu. Kama ametangulia mbele za haki, mtaje kwa jina lake, kwa sauti, watoto wako wasikie.

Mzee wa mnada, weka kengele chini. Tutaanza nikishasikia majina.