Pua Iliyokwenda Kushoto

Wahenga walituonya tupekue kwanza nguo tulizovaa, kwa maana anayetutafuna huwa karibu kuliko tunavyodhani.

Rubani mmoja mkongwe alilijua onyo hilo, akalielekeza kwa mpwa wake. Kijana huyo, ambaye kazini walimwita Rula kwa kupenda kunyoosha mambo, ndiye aliyetengeneza mashine ya mazoezi: chumba kidogo chenye viti, pedali na kioo, kinachoigiza helikopta bila kuondoka ardhini. Mjomba aliirusha helikopta halisi, vipimo vikachukuliwa, naye Rula akailinganisha mashine na vipimo hivyo. Kwenye mchoro, mstari wa mashine na wa helikopta ilikaribiana kama kope na jicho.

Hapo ndipo shaka ilipoota. Rubani alipoijaribu mashine, kila akiinua wenzo wa kupaa, pua ya helikopta kiooni ilikwenda kushoto. Helikopta yake haikuwa hivyo. Akakumbuka kwamba Rula siku hizi alifunga mlango akifanya kazi, na hata salamu zake zilikuwa fupi. Usoni alicheka naye, moyoni alimpima. Tena binti yake mwenyewe ndiye angekuwa mwanafunzi wa kwanza. Mashine ikimfundisha uongo, ukweli angeukuta hewani.

Siku ya kutia saini ya kuithibitisha mashine mbele ya mkaguzi wa viwango, Rubani alikataa.

"Mstari umenyooka, mashine imepinda," alisema. "Umepika namba, mpwa wangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Namba ni zako, mjomba," Rula akajibu taratibu. "Mimi nimepakua tu."

Mkaguzi akauliza jaribio lilifanywaje. Rubani akaeleza kwa majivuno kwamba aliinua wenzo huku miguu imetulia tuli, ili ionekane pua itageuka kiasi gani. Kipimo cha pedali kilikuwa kimeharibika siku ile, hivyo wote walitosheka na neno lake. Mkaguzi akamwomba arudie ndani ya mashine. Binti yake, aliyekuja kushuhudia, akachuchumaa kando ya kiti, atazame.

Rubani akainua wenzo. Pua ikaenda kushoto. "Si mmeona wenyewe?"

"Baba," binti akasema kwa sauti ya chini, "mguu."

Akainama kutazama. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeikandamiza pedali, kama ulivyozoea miaka yote kuizuia pua isikimbilie kulia. Angani nako ulifanya hivyo bila yeye kujua. Vipimo vikasema helikopta haigeuki, na mashine ikaamini. Sasa mguu ulipozuia mgeuko ambao mashine haikuwa nao, pua ilikwenda kushoto.

Kisha Rubani akaomba kipimo cha pedali kitengenezwe, aruke upya kabla binti yake hajakalia kiti kile.

"Utanifunga miguu kwa kamba, mpwa wangu?"

"Nitakushikia viatu tu, mjomba."

Mdudu aliyemsaka machoni mwa mpwa wake alikuwa amejificha kiatuni mwake mwenyewe. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.