Chapati ya Kwanza ya Kabri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolazimishwa. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Leo sina hamu ya kuwachekesha. Mchana niliwaona mkimcheka yule mama wa Kihindu wa dukani. Alitoka mlangoni na chapati ya moto, akampa ng'ombe aliyekuwa akipita, akamgusa paji la uso, kisha akajigusa lake. Nanyi mkasema ana wazimu, anamlisha ng'ombe na watu wapo. Kaeni chini basi. Hadithi hii alinipa jirani yangu Mhindu, naye aliipata kwa bibi yake. Mimi sikuwepo, kwa hiyo asiniulize mtu maswali.

Zamani hizo, zamani za ng'ambo huko Bara Hindi, palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho aliishi bibi mzee jina lake Jivkor. Alikuwa mfupi, mkavu, na meno yake yalikuwa manne tu, lakini watu wakigombana walikwenda kwake. Siku moja walikuja ndugu wawili waliorithi ng'ombe mmoja, kila mmoja akidai ni wake. Bibi Jivkor hakuwauliza maneno mengi. Alisema, "Mfungueni kamba." Wakamfungua. Ng'ombe akatembea, tuku, tuku, tuku, mpaka kwa mke wa yule mdogo, aliyekuwa akimkatia majani kila siku. Kesi ikaisha, watu wakaenda kula.

Bibi Jivkor alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, mwenye mabaka meupe na mekundu, akiitwa Kabri. Shingoni alivaa kengele ya shaba. Ngili, ngili, ngili. Alikuwa amezeeka. Maziwa yalikuwa yamekauka miaka miwili iliyopita.

Alikuwa pia na mwana mmoja, Devji, na Devji alioa. Mke wake aliitwa Rambha. Hadithi hii ni ya huyo Rambha, na wivu wake ulikuwa mkubwa. Msimcheke. Kila mmoja wenu hapa nimeshamwona akipima kipande cha nyama cha mwenzake kwa macho.

Rambha alifiwa na mama yake angali mchanga. Alilelewa na shangazi, na kwa shangazi alikula wa mwisho, baada ya wanaume, baada ya watoto wa shangazi, baada ya wageni. Siku alipoolewa alijiambia moyoni, sasa nakwenda kwangu, na huko kwangu nitakuwa wa kwanza kwa mtu, hata mtu mmoja tu.

Asubuhi ya kwanza akaamka, akawasha moto, akakanda unga. Pa, pa, pa, chapati viganjani. Akaiweka kikaangoni, akaigeuza, akaitoa. Bibi Jivkor akanyoosha mkono.

"Ya kwanza nipe mimi, mke wa Devji."

Rambha akampa kwa furaha, akidhani mama mkwe ana njaa. Bibi Jivkor akaitia kipande cha sukari guru, akatoka nayo uani, akamlisha Kabri. Kisha akamwinamia sikioni, akamnong'oneza. Akamfuta macho kwa ncha ya sari yake na kusema kwa sauti, "Kula, mama."

Rambha alisimama mlangoni, mikono imejaa unga, akatazama. Ng'ombe anaitwa mama. Yeye anaitwa mke wa Devji.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Pa, pa, pa, ya kwanza kwa Kabri, mnong'ono sikioni, kula mama. Rambha akaanza kusema kimoyomoyo kila asubuhi: yeye kwanza, mimi mwisho. Semeni nami.

Yeye kwanza, mimi mwisho.

Siku ya sikukuu Kabri alipakwa rangi nyekundu kwenye paji la uso, akavishwa shada la maua ya manjano, na pembe zake zikapakwa mafuta zikang'aa. Rambha naye alikuwa amevaa bangili mpya. Hakuna aliyezitaja.

Yeye kwanza, mimi mwisho.

Na lililomchoma zaidi ni ule mnong'ono. Chapati ni unga na maji tu. Lakini bibi anamwambia nini ng'ombe kila siku, ambacho hawezi kumwambia binadamu anayempikia? Rambha alijaribu kupita karibu akijifanya anafagia. Hakusikia kitu. Akawa anaota mnong'ono huo.

Asubuhi moja Bibi Jivkor alichelewa kuamka, goti lilikuwa linamuuma. Rambha akatoa chapati ya kwanza, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajificha nyuma ya mlango akaila yote. Ilikuwa ngumu, nyeupe, haikuvimba hata kidogo. Kinywani mwake ilikuwa tamu kuliko chochote alichowahi kula. Bibi alipokuja akampa ya pili, iliyovimba vizuri na kupata madoa ya moto. Bibi akaitazama. Akamtazama Rambha. Akaenda nayo kwa Kabri.

Tangu siku hiyo Rambha aliamka kabla ya bibi, akaila ya kwanza kila siku. Mngedhani wivu utapoa. Haukupoa. Chapati ameila, lakini mnong'ono bado ni wa Kabri.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Majani yakaisha, bwawa la kijiji likabaki tope na maji kidogo katikati. Rambha alitembea mbali kumtafutia majani ng'ombe asiyetoa hata tone la maziwa. Siku moja alirudi na mzigo kichwani, miguu imepasuka, akamkuta Bibi Jivkor amekaa chini akimpepea Kabri kwa kipepeo cha ukili. Anampepea ng'ombe. Rambha akatua mzigo, hakuna aliyempa pole.

Moyo wake ukajaa. Mchana, watu walipojilaza kukwepa jua, alimfungua Kabri. Aliivua kengele ili isilie, akaijaza ndani kinyunya, donge la unga wa chapati uliokandwa, akaifunga kwenye sari yake kiunoni. Akamswaga ng'ombe mpaka nje ya mashamba yote, akampiga kofi mgongoni.

"Nenda," alimwambia. "Kaitwe mama kwingine."

Kabri akamtazama, akaenda polepole. Tuku, tuku, tuku. Rambha akarudi nyumbani mbiombio.

Bibi Jivkor alipoamka na kuona kamba tupu hakupiga kelele. Hakunywa hata maji. Alichukua mkongojo wake, akatoka kwenye jua lile, na goti lile bovu. Devji alikuwa safarini. Rambha akamfuata nyuma, kwa hofu, na ndani ya hofu wivu ulikuwa bado unapumua. Alimwona bibi akichechemea, akiita Kabri, Kabri, akaanguka, akainuka, akaita tena. Naye Rambha akawaza, ningepotea mimi je? Angetoka juani hivi?

Wakatembea. Jua likachoma. Na jua, ndugu zangu, halina siri. Kile kinyunya ndani ya kengele kikakauka. Kikapasuka. Kikamong'onyoka kipande kwa kipande, kikadondoka chini bila Rambha kujua. Akapiga hatua moja.

Ngili.

Bibi Jivkor akasimama. Hakugeuka.

"Kengele ya Kabri iko karibu," alisema.

Rambha akaanguka magotini. Akaifungua kengele kiunoni, akaiweka vumbini mbele ya bibi, na maneno yakamtoka yote pamoja. "Nimemfukuza mimi. Na chapati ya kwanza nakula mimi, miezi minane sasa. Nimekudanganya kila siku."

"Ya chapati nilijua tangu siku ile," alisema bibi. "Ya kwanza huwa haivimbi, kikaango hakijashika moto. Wewe ukaniletea iliyovimba. Kabri amekula chapati nzuri miezi minane kwa ajili ya wizi wako."

"Mbona hukusema?"

"Niliona anayeila ana njaa ambayo sijaijua. Nikangoja aniambie."

Rambha akalia, na ndipo alipouliza lile lililomkaa kooni. "Mama, unamnong'oneza nini? Kila siku unamwambia yeye. Mimi nina kosa gani?"

Bibi Jivkor akaketi vumbini, maana goti lilikuwa limechoka, akamshika mkono.

"Siku tulipokuja kukuposa, shangazi yako alinieleza. Mama yako alikufa una siku tisa. Hakuna mwanamke wa kukunyonyesha. Ukawa unalia, sauti ikaanza kwisha. Jirani akaleta ng'ombe wake, naye alikuwa na ndama mchanga. Ndama yule akafungwa kamba pembeni. Alilia, akavuta kamba, lakini alingoja mpaka wewe ushibe. Miezi mingi hivyo. Wewe kwanza, Rambha. Mtoto wake mwenyewe mwisho."

Rambha akainua uso, akamtazama.

"Ng'ombe yule hakuuliza wewe ni wa nani. Alikupa, ingawa alikuwa na ndama wake mwenyewe. Anayekunyonyesha ni nani yako?"

"Mama," alisema Rambha.

"Basi. Ndiyo maana kwetu hatumchinji, na akizeeka hatumfukuzi. Mama maziwa yakimkauka hatolewi nje. Tunalima kwa nguvu za wanawe, tunapikia samadi yake, taa ya sala tunaiwasha kwa samli yake, na yeye anatuomba majani tu. Krishna tunayemwomba alikulia mikononi mwa wachunga ng'ombe. Yule aliyekulea wewe alishakufa, siwezi kumfikia. Kwa hiyo namwambia Kabri, kwa sababu kwetu wote ni mama mmoja. Kila asubuhi namwambia sikioni, asante kwa kuniwekea hai mke wa mwanangu."

Hapo Rambha alitamani ardhi immeze. Mnong'ono ule wote, asubuhi zile zote, ulikuwa wake yeye.

"Sasa acha kulia," alisema bibi. "Ipige kengele."

Rambha akasimama, akaitikisa kwa mikono miwili. Ngili, ngili, ngili. Kimya. Akakimbia mbele, akaitikisa tena. Ngili, ngili, ngili. Kimya. Mara ya tatu, kutoka upande wa bwawa, sauti ikaitika kwa mbali, dhaifu.

Mmmuuu.

Kabri alikuwa amekwenda kutafuta maji akazama topeni mpaka kifuani. Rambha hakusubiri mtu. Aliingia na sari yake, akamkumbatia shingo kichwa kisizame, akapiga yowe mpaka kijiji kikaja na kamba. Wakavuta. Haya, vuta. Haya, vuta. Tope likalia fyoo, na ng'ombe akatoka, na Rambha akatoka naye, wote wawili rangi moja, huwezi kujua yupi ni yupi.

Asubuhi iliyofuata Rambha aliwasha moto. Pa, pa, pa. Akatoa ya kwanza, nyeupe, ngumu, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi Jivkor akaikata katikati. Nusu akampa Rambha.

"Mpe hii mama yako," alisema.

Rambha akatoka uani, akamlisha Kabri, akamwinamia sikioni. Alichosema hakuna aliyesikia, na safari hii bibi ndiye aliyesimama mlangoni akitazama. Aliporudi, bibi akamtia nusu ya pili kinywani kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mwanangu," alisema.

Kabri aliishi misimu miwili zaidi, akafa kwa uzee, wakamzika na kengele yake. Bibi Jivkor alifuata. Rambha akazeeka akawa yeye wa kuendewa kwa ushauri, na hakufuga ng'ombe mwingine. Chapati yake ya kwanza aliitoa kwa ng'ombe yeyote aliyepita mlangoni, wa mtu au asiye wa mtu.

Basi kesho mkimwona mama wa dukani, pisheni njia, na mwenye kucheka acheke nyuma ya nyumba yake. Na wewe unayemwonea mwenzako wivu kwa upendo anaopewa, uliza kwanza. Huenda sehemu yako imo humohumo, na hujaisikia.

Hadithi yangu naitua hapa, imefika mwisho wake. Nani ameficha chapati yangu?